Karatasi ya Njano

Karatasi yenyewe ilikuwa ya njano, zile zenye gundi kwa nyuma, na niliiandika kwa mkono wangu: "Msamaha wa faini: msiba, eda." Kwenye kona ya chini, kwa kalamu nyekundu, kulikuwa na namba 5. Ilikaa ukutani ofisini kwetu kuanzia Februari hadi Juni, ikihamishwa kutoka safu moja kwenda nyingine, mpaka gundi ikaisha nguvu nikalazimika kuibandika kwa selotepu. Kisha jioni moja nikaibandua, nikaitia kwenye droo.

Nilikuwa na miaka 24. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta mwaka mmoja tu nyuma yake, na kampuni iliyoniajiri, ya watu tisa, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam, ilikuwa imenipa cheo ambacho mama yangu hadi leo anashindwa kukieleza kwa majirani: skramu masta. Yeye husema, "Yuko kwenye mambo ya kompyuta, anawasimamia wenzake." Ni maelezo mazuri kuliko yaliyoandikwa kwenye cheti changu, ambacho nilikipata kwa mafunzo ya siku mbili.

Kama hujawahi kukaa kwenye ofisi ya aina hii: skramu ni utaratibu wa kutengeneza programu kidogo kidogo. Kazi yote huandikwa kwenye vikaratasi, kila kimoja kikibeba jambo moja ambalo mtumiaji anataka programu iweze kulifanya. Mnachagua vikaratasi vya wiki mbili, mnavifanyia kazi, mnamwonyesha mteja, anasema kilichomfaa na kisichomfaa, mnachagua vingine. Hizo wiki mbili ndizo sprinti. Kila asubuhi timu inasimama, tena inasimama kwa miguu kweli ili maneno yasiwe mengi, na kila mmoja anasema jana alifanya nini, leo atafanya nini, na kitu gani kimemkwamisha. Jina limetoka kwenye mchezo wa raga. Mwaka 1986 Wajapani wawili, Takeuchi na Nonaka, waliandika kuhusu kampuni zilizokuwa zikibuni bidhaa kwa namna timu ya raga inavyosonga mbele kwa pamoja, mpira ukipita mkono kwa mkono, tofauti na mbio za kupokezana vijiti ambapo ukishatoa kijiti yanayofuata si yako. Nilikuwa naupenda sana mfano huo. Niliuweka kwenye slaidi ya kwanza ya kila wasilisho.

Mradi wenyewe ulikuwa wa vikoba. Mfadhili wa nje alikuwa ametoa fedha ili vikundi 40 vya kuweka na kukopa mkoani Pwani viachane na madaftari, kumbukumbu zao zihamie kwenye simu. Mimi sikuhitaji kuelezwa kikoba ni nini. Ada yangu ya muhula wa kwanza chuoni ilitoka kwenye mgao wa kikoba cha mama. Nakumbuka zile noti zilivyofungwa kwa mpira wa njano, na mama alivyozihesabu mara mbili mbele yangu kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimkopesha. Naeleza hili ili isije ikadhaniwa kwamba nilikosea kwa sababu ya ugeni.

Februari tulikwenda Kisarawe, mimi na mwenzangu aliyekuwa akiandika sehemu kubwa ya programu. Kikundi kilikutana chini ya mwembe, Jumatano saa tatu asubuhi. Sanduku lilikuwa la chuma, lina kufuli tatu. Funguo zilikuwa kwa wanawake watatu, na sanduku lenyewe lililala kwa wa nne. Mmoja akichelewa, hakuna kinachofunguliwa. Hisa zikanunuliwa, mikopo ikarejeshwa, faini zikatozwa: aliyechelewa mia tano, asiyefika elfu moja, aliyekosa rejesho la wiki elfu tatu. Kabla ya kufunga, mwenyekiti akauliza kwa sauti, "Mfuko wa jamii una shilingi ngapi?" Wanawake 27 wakajibu kwa pamoja, namba moja, bila kuangalia popote. Wiki ijayo wataulizwa tena kabla sanduku halijafunguliwa, na pesa zikihesabiwa lazima zilingane na waliyoyakariri.

Mwenzangu akaninong'oneza kwamba hiyo ni nakala ya akiba bora kuliko tuliyokuwa nayo kwenye seva yetu. Tukacheka. Alikuwa anasema kweli.

Mweka hazina alikuwa mama wa miaka sitini hivi, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alitukalisha baada ya kikao akatupitisha kwenye daftari, ukurasa kwa ukurasa. Alipofika kwenye jina moja ambalo lilikuwa na wiki kadhaa tupu, bila faini hata moja, nikauliza. Akasema, "Huyu alifiwa. Mwenye msiba hatumtozi. Na akiwa eda ndiyo kabisa, hatoki nje miezi minne na siku kumi, utamtoza nini? Hisa zake zinamsubiri, rejesho linamsubiri." Kisha akanitazama juu ya miwani. "Sasa hiyo simu yenu, mwanangu, itajua kama mtu yuko eda?"

"Itajua, mama," nikasema. "Tutaielekeza."

Nikatoa karatasi ya njano.

Kwenye skramu, kabla ya kazi kuanza, mnakadiria ugumu wake. Kila mtu ananyanyua kadi yenye namba: moja, mbili, tatu, tano, nane. Mimi nilidhani msamaha wa faini ni mbili. Mwenzangu akanyanyua tano, na alikuwa na hoja. Nani anasamehe? Kule Kisarawe wanaamua wote kikaoni, kwa kunyoosha mikono. Ukimpa kitufe cha kusamehe mweka hazina peke yake, umempa mlango ambao kufuli tatu zilikuwepo kuufunga. Ukitaka watu watatu wathibitishe kwa namba zao za siri, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Na kila kikundi kina desturi yake: wengine wanasamehe uzazi, wengine ugonjwa wa mtoto, wengine hawasamehi chochote. Halafu mfadhili alitaka faini zijitoze zenyewe, hasa ili kiongozi asimpendelee ndugu yake. Kwake yeye msamaha ulikuwa ni kasoro ya daftari ambayo simu ilikuwa inakuja kuitibu.

Kwa hiyo karatasi ikasubiri. Sprinti ya tatu ikapelekwa ya nne, ya nne ikapelekwa ya tano. Hakuna siku ambayo mtu alisema tusiifanye.

Inabidi niseme kitu kuhusu mkataba wetu, kwa sababu nimeutumia kama kisingizio kwa muda mrefu. Ndani ya ofisi tulikuwa watu wa skramu, lakini mkataba ulikuwa na jedwali: uchambuzi Januari, usanifu Februari, uandishi wa programu Machi na Aprili, majaribio Mei, vikundi 40 viwe vinatumia ifikapo Juni 30. Mtindo huo wa hatua moja kumwagikia nyingine, usiorudi nyuma, wenzetu wanauita maporomoko ya maji, na kila anayeufundisha huonyesha mchoro wa Winston Royce wa mwaka 1970. Nimekuja kuisoma makala yenyewe mwaka huu, kwa ajili ya tasnifu yangu. Ni fupi. Mchoro maarufu uko mwanzoni, na mara tu baada yake Royce anaonya kwamba ukifanya hivyo unakaribisha kushindwa, kwa sababu majaribio yako mwishoni na ndipo utakapogundua kwamba ulichokisanifu hakifai. Makala yote iliyobaki ni jinsi ya kurekebisha: fanya kitu kizima mara mbili, mshirikishe mteja mapema. Hata neno "maporomoko" hakulitumia. Watu waliuona mchoro, wakaupenda, wakafunga makala. Nilicheka peke yangu maktaba, kisha nikaacha kucheka, maana mimi nilikuwa na ukuta mzima wa michoro mizuri.

Upande wa pili kuna wale wanaume 17 waliokutana Snowbird, Utah, Februari 2001, kwenye hoteli ya watelezao kwenye theluji, wakaandika tamko fupi la kile tunachokiita ajaili. Moja ya mambo wanayotanguliza ni kushirikiana na mteja, kabla ya kubishana juu ya mkataba. Hili nilikuwa nalijua kwa moyo. Na tulikuwa tunashirikiana na mteja, kila baada ya wiki mbili, bila kukosa: ofisa wa mfadhili, kwenye chumba chenye kiyoyozi Masaki, chai na sambusa mezani. Alikuwa mtu mwema na alitoa maoni mazuri kuhusu rangi. Kisarawe tulikwenda mara moja.

Aprili tulikuwa tumechelewa. Mkurugenzi akatuongezea vijana watatu wa mafunzo kwa vitendo. Fred Brooks, aliyesimamia mfumo wa OS/360 pale IBM, aliandika kwenye kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa, unauchelewesha zaidi, kwa kuwa wanaojua kazi wanaiacha ili wawafundishe wasioijua. Mwaka wa tatu chuoni niliulizwa hilo kwenye mtihani nikapata alama zote. Vijana walipofika niliwanunulia soda.

Siku mbili kabla ya onyesho la Juni, ukutani kulikuwa na vikaratasi 62, na 57 vilikuwa kwenye safu ya "Imekamilika". Mkurugenzi alisimama nyuma yangu na kikombe cha kahawa. Hakuniagiza chochote cha uongo, nataka niwe mkweli hapo. Alisema tu, "Tunaweza kufika mia?" Kisha akaenda zake.

Viwili tulivimaliza usiku ule. Viwili vilikuwa mapambo, nikaviandikia barua kwamba vitasubiri awamu ya pili. Ile ya njano sikuweza kuihamisha, kwa sababu ilikuwa kwenye orodha ya mahitaji iliyosainiwa. Na ilikuwa kwenye orodha kwa sababu mimi mwenyewe niliiweka kwenye ripoti ya Kisarawe, tena kwa maneno mazuri. Nikafikiri, wenyewe watajua la kufanya. Mtu akiwa na msiba, mweka hazina ataandika kwamba alikuwepo kikaoni. Basi. Nikaibandua, nikafungua jedwali la ripoti, nikaandika "Imekamilika".

Onyesho lilikwenda vizuri. Kulikuwa na keki.

Agosti, mume wa mwanachama mmoja wa kile kikundi cha Kisarawe akafariki. Mweka hazina alijaribu kufanya kile nilichodhani atakifanya, kuandika kwamba mjane alikuwepo, lakini programu yetu ilidai namba ya siri ya mwanachama ili kuthibitisha mahudhurio. Tulikuwa tumejivunia sana kipengele hicho. Jumatano ya kwanza, elfu nne: moja ya kutofika, tatu ya rejesho. Ya pili, elfu nne. Ya tatu, elfu nne, na saa mbili usiku programu ikafanya ilichoagizwa kufanya kwa mtu aliyekosa mara tatu mfululizo. Ilituma meseji kwake, kwa wadhamini wake wawili, na kwa "mtu wa karibu" aliyemwandikisha siku ya usajili. Mtu huyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu.

Meseji ilisema kwamba ndugu mwanachama huyu ni MDAIWA SUGU, deni lake ni shilingi 312,000, afike kikaoni alipe. Herufi kubwa ziliwekwa na mimi.

Siku mbili baadaye simu yangu ikaita. Mweka hazina hakupiga ile namba ya huduma tuliyowapa. Alipiga yangu, niliyomwandikia nyuma ya daftari. Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza habari za kazi, akauliza habari za mama. Nikazitoa zote. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Mwanangu, ile karatasi uliyoandika, uliipeleka wapi?"

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka kwamba nilikuwa nimekaa mbele ya ile droo.

Jioni ile mimi na mwenzangu tulizima meseji zote za madeni kwa vikundi vyote 40. Ilituchukua dakika 40, pamoja na kuhakikisha hakuna kingine kilichovurugika. Kwa siku kadhaa nilishindwa kuiondoa hiyo hesabu kichwani. Nilimweleza mkurugenzi yote, pamoja na lile neno "Imekamilika". Alikaa kimya, akasema tuliweke kwenye ripoti ya mwaka, sehemu ya mafunzo tuliyojifunza. Nadhani alitaka kunisaidia.

Jumapili nikapanda gari Gongo la Mboto, nikashuka Kisarawe. Mweka hazina alinipokea barabarani, akanipa kanga nijitande, tukaenda kwa mjane. Alikuwa ndani, kwenye mkeka, na binti yake mdogo amelala miguuni. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomkumbuka chini ya mwembe. Nikampa pole ya msiba. Kisha nikasema nilichokwenda kusema, kwamba kosa ni langu, kwamba niliambiwa tangu Februari na nikaandika kuwa limefanyika kumbe halijafanyika.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema deni halikatai. Alikopa laki tatu kumtibu marehemu, na hakumwambia yeyote upande wa mumewe, kwa sababu mume mwenyewe hakutaka ijulikane kwamba anatibiwa kwa pesa ya mke. Alikuwa amepanga kumwambia shemeji, akimaliza eda, kwa mdomo wake na kwa siku aliyoichagua yeye. Shemeji aliisoma ile meseji mbele ya watu, kwa sauti, akidhani ni ya rambirambi.

"Ni wewe uliyeyaandika yale maneno?" akaniuliza.

"Ni mimi."

"Hilo neno sugu mlilitoa wapi?"

Nililitoa kwenye barua za benki. Sikumwambia. Niliinamisha kichwa, na mweka hazina akaingiza habari za mihogo, na baada ya muda nikaletewa chai.

Sasa hivi niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili. Darasani tumesoma kisa cha M-Pesa: mwaka 2005 ilijaribiwa Nairobi na Thika, na wateja wasiofika 500, ikikusudiwa kuwasaidia wakopaji wa taasisi ya Faulu kurejesha mikopo kwa simu. Waliokuwa wakiendesha jaribio wakagundua watu wanaitumia kwa mambo mengine, wanatumiana wao kwa wao. Mradi ukageuzwa. Machi 2007 ilipozinduliwa rasmi Kenya, habari ya mikopo ilikuwa imewekwa pembeni, ikatangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Mhadhiri anaieleza kama hadithi ya ubunifu. Mimi nikiisikia nawaza juu ya yule mtu, sijui ni nani, aliyekaa kibandani kwa wakala na kuona muamala ambao haukuwa kwenye mpango, na akarudi ofisini kulisema, na wakamsikiliza. Lazima ilikuwepo orodha iliyosainiwa mahali fulani.

Msimamizi wangu ameirudisha rasimu ya sura ya tatu. Pembeni ya kichwa "Mbinu iliyotumika" ameandika: maporomoko au ajaili? Bado sijamjibu. Mbinu tuliyoitumia ilikuwa na vikao vyote vya skramu na tarehe zote za maporomoko, na hakuna kitabu nilichokiona kinachoitaja, ingawa kila rafiki yangu aliyeajiriwa anaitambua nikiielezea.

Msamaha wa faini tuliumaliza kwa siku tisa. Kikundi kinapiga kura, kisha wenye funguo watatu wanathibitisha, kila mmoja kwa namba yake ya siri, na programu haiulizi sababu. Niliupeleka Kisarawe mwenyewe, Jumatano. Daladala lilikaa Gongo la Mboto likisubiri kujaa, nikafika chini ya mwembe kikao kimeshaanza. Sanduku lilikuwa wazi. Mbele ya mweka hazina kulikuwa na ile simu tuliyowapa na, pembeni yake, daftari. Hawakuwahi kuliacha hata wiki moja.

Alitazama saa, akanitazama juu ya miwani.

"Dakika kumi na tano. Una udhuru?"

Nikafikiria daladala.

"Sina, mama."

"Mia tano."

Nikatoa. Akaandika kwenye daftari, taratibu, "Mgeni, 500", akaniwekea mkeka karibu yake. Mwisho wa kikao mwenyekiti aliuliza mfuko wa jamii una shilingi ngapi, nikajibu pamoja nao.